Kitufe, Kitufe, Kitufe

Hospitalini walimwita Masikio, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa karani wa idara ya picha, kazi yake kuchapa majibu. Daktari wa picha alikaa ghorofani mbele ya picha za eksirei, akasema alichokiona kwenye kinasa sauti. Masikio, chumba cha chini yake, akavaa hedifoni na kuyageuza maneno yale kuwa majibu yaliyochapwa, jina la mgonjwa juu, jina la daktari chini. Macho yalimwacha akiwa kijana. Yalianza kuweka ukungu pembeni, ukungu ukasogea katikati, kisha giza likahamia na mizigo yake yote. Lakini alikuwa ameshajifunza kuchapa bila kutazama, na vidole havikupofuka.

Daktari huyo, Masikio alimjua kwa pumzi. Akianza kusema moja kwa moja, basi picha ni safi. Akivuta pumzi ndefu kwanza, kuna jambo, na vidole vya Masikio vilipunguza mwendo vyenyewe, kama mtu anayepita karibu na msiba.

Kompyuta aliyopewa mwanzoni ilikuwa na mfumo ule ule wa ofisi zote, na ndani yake programu ya kusoma skrini iliyomtamkia kila alichokigusa. Programu hiyo ilikuwa ya kunakiliwa, mtu alimletea kwenye flashi. Ilisoma Kiswahili kwa ulimi wa mgeni aliyeshuka jana, neno "mgonjwa" likitoka kama mgonjwa mwenyewe anakohoa. Hata hivyo alikula kwayo. Asubuhi moja ikadai ilipiwe, kisha ikanyamaza. Katibu wa hospitali alipotajiwa bei yake alicheka, akidhani anataniwa.

Aliyemwokoa ni Nyaya. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali nzima, mwanamke mrefu, mkavu, asiyeolewa na asiyependa kuulizwa, ambaye hukumkuta bila waya fulani shingoni. Alivuta kiti, akakaa.

"Kaka, naweza kukuwekea mfumo mwingine kabisa. Unaitwa Linux. Ni huria, haununuliwi, na programu ya kusoma imo humo humo tangu mwanzo. Lakini nikwambie ukweli, wiki ya kwanza utanitukana."

"Unasema Kiswahili?"

"Unasema. Vibaya, lakini unasema."

Alimtukana kweli, moyoni na wakati mwingine kwa sauti. Njia zote za mkato alizozizoea zilikuwa zimekufa. Alikuwa kama mtu aliyehamishiwa nyumba nyingine akiwa usingizini: kila akinyoosha mkono kutafuta mlango, anagonga kabati. Na ile sauti! Ya kiume, imebana pua, haina furaha wala huzuni, kama binamu aliyelazimishwa kuwasomea ndugu barua za ukoo. Basi akaiita Binamu.

Nyaya alikaa naye wakati wa chakula cha mchana, sahani mapajani, akimfundisha kutoa amri kwa maandishi badala ya kutafuta vialama vya kubonyeza. Unaandika amri, unagonga, Binamu anajibu. Hakuna "pale juu kulia." Hakuna "hiyo ya bluu." Kila kitu kilikuwa neno, na maneno ndiyo yaliyokuwa nchi ya Masikio.

Akaizoea, kisha akaipenda. Alimwongezea Binamu kasi kidogo kidogo mpaka mtu mwingine akiivaa hedifoni alisikia nyuki tu. Alijitungia amri zake mwenyewe, moja ya kufungua sauti ya daktari, moja ya kuweka kichwa cha majibu, moja ya kumsomea jina la mgonjwa mara mbili kabla karatasi haijachapwa. Majibu yalitoka wagonjwa wakiwa bado wanavaa mashati. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alisimulia mtaani kwa majivuno aliyoyavisha malalamiko:

"Mwenzenu nina mke mwenza, anaitwa Binamu. Anamnong'oneza mume wangu mchana kutwa, na akirudi nyumbani ananiambia mimi naongea polepole mno."

Miaka ikapita hivyo. Zilikuwa siku zake njema, na kama ilivyo kwa siku njema, hakuna aliyemwambia.

Kisha hospitali ikaleta mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa. Hakutakuwa na karatasi tena. Kila idara itaandika humo, na kompyuta zote zitarudishwa kwenye mfumo wa kawaida, kwa kuwa programu hiyo haikubali mwingine. Nyaya alikwenda kwa Katibu kumtetea mwenzake. Katibu alikuwa mtu wa adabu, asiyepandisha sauti.

"Dada yangu, nikimruhusu mmoja, kesho kila idara itakuja na mfumo wake. Na hii programu wameniambia wenyewe, hata asiyeona anaitumia. Wamenihakikishia."

"Umemwona asiyeona akiitumia?"

"Wamenihakikishia," alirudia Katibu, na kwa upande wake mazungumzo yakawa yameisha.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa mikutano. Mwalimu alikuwa kijana wa kampuni iliyouza programu, mwenye manukato yaliyomtangulia mlangoni.

"Mnabonyeza hapa," alisema, "halafu hapa."

"Hapa wapi, mwanangu?" aliuliza Masikio kutoka nyuma.

"Hapa, kwenye alama ya kijani. Si mnaiona? Mwenye macho haambiwi tazama!"

Wachache walicheka, kisha ukumbi ukanyamaza, mtu mmoja akakohoa. Masikio akamwonea huruma kijana.

"Ni kweli," alisema. "Ndiyo maana mimi nimeomba niambiwe."

Wakacheka wote, cheko la kushukuru, somo likaendelea. Yeye akaweka vidole kwenye kibodi mpya. Safari hii walimwekea sauti ya halali, ya kike, laini kama ya mtangazaji. Akagonga kwenda mbele ili ajue kuna nini kwenye skrini.

"Kitufe," ilisema sauti.

Akagonga tena.

"Kitufe."

Tena.

"Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Akaendelea mpaka mwalimu akamaliza, watu wakakokota viti, wakatoka. Nyaya akaja akasimama nyuma yake, akasikiliza naye kwa muda.

"Waliojenga wameweka picha kwenye vitufe, hawakuviandika majina," alisema. "Ni nyumba yenye milango kibao na hakuna hata mmoja wenye kibao."

Utani huo haukumchekesha hata yeye mwenyewe.

"Kuandika majina ni kazi kubwa?"

"Kwa anayejua? Mchana mmoja."

Nyaya akawaandikia wenye programu. Wakajibu kwamba ombi limepokelewa. Akaandika tena, wakajibu kwamba ombi limepokelewa.

Masikio hakuwa mtu wa kukaa na kulia. Akamwomba Nyaya amtajie vitufe kwa mpangilio, akavikariri kama mtoto anavyokariri sura ya kwanza: hiki ni tafuta, hiki fungua, hiki cha mgonjwa anayefuata, kile cha mbali ni hifadhi. Akawa anahesabu kimoyomoyo huku daktari anamwambia mambo ya mapafu na nyonga. Kazi iliyokuwa ikimchukua asubuhi ikamla siku nzima. Alirudi nyumbani shingo imekakamaa kama gogo, na mkewe akimwuliza habari za kazi, alijibu "salama," akaenda kulala bila kuvua soksi.

Siku moja wenye programu wakaiboresha kutoka huko huko waliko. Hawakumwambia mtu. Waliongeza kitufe kimoja.

Kimoja tu, karibu na mwanzo, na vyote vilivyofuata vikasogea. Masikio alihesabu kama kawaida, akagonga kama kawaida, na sauti laini ikamjibu kama kawaida. Siku hiyo majibu yake yakaingia kwenye faili za watu wengine, kila mmoja akirithi kifua cha aliyemtangulia.

Muuguzi mmoja aliligundua kesho yake, alipoona mwanamume ameandikiwa habari za mimba. Wakafunga mlango, wakarekebisha moja baada ya jingine, wakampigia simu kila aliyepatikana. Dereva mmoja wa lori hakupatikana. Alikuwa amekuja na kikohozi, akaambiwa mapafu yake ni safi, akashukuru, akaondoka na mzigo wake kwenda mbali.

Alirudi baada ya miezi, akishikwa mkono na mkewe. Siku hiyo daktari wa picha alishuka ngazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Masikio alizitambua hatua kwenye korido kwa ugeni wake.

"Masikio, kaa."

"Nimekaa, daktari."

"Yule dereva amerudi. Nilitaka ulisikie kwangu, usilisikie kwenye korido."

Masikio alitafuta ukingo wa meza, akaushika.

"Atapona?"

Daktari akavuta pumzi ndefu.

"Ile picha naikumbuka," alisema Masikio hatimaye. "Ulipumua hivyo hivyo. Niliiandika vizuri. Kila neno niliandika vizuri."

"Najua."

"Kila neno, daktari."

"Najua, ndugu yangu. Ilikwenda tu pasipo pake."

Tangu siku hiyo hakuthubutu kugonga kile kitufe cha hifadhi. Alichapa majibu, akakaa ameyashikilia kama mtu aliyebeba kikombe cha moto asijue aweke wapi. Foleni ikarefuka. Wauguzi wakaja kuuliza kwa upole, kisha bila upole. Alimwambia mkewe kwamba anataka kuacha kazi, na mkewe akasimamisha cherehani.

"Uache ukafanye nini, baba?"

"Sijui."

"Basi usiache jambo unalolijua kwa ajili ya usilolijua."

Nyaya ndiye aliyekuja na njia. Nyuma ya idara ya picha kulikuwa na stoo ya filamu za zamani, zile za kutundika kwenye taa, zilizoachwa zikashika vumbi. Humo akaweka kompyuta kuukuu, akairudishia Linux na amri zote za Masikio, ambazo alikuwa amezihifadhi kwake bila kuambiwa. Akavuta waya kutoka ukutani.

"Utaandika humu," alisema. "Jioni mimi nitayahamishia kule kwa macho yangu. Nitakusomea jina, wewe utasema ndiyo. Halifungwi faili mpaka useme ndiyo."

"Dada, hili wanalijua?"

"Kaka, wewe andika."

Alipowasha mashine na Binamu kusema kwa pua yake iliyoziba, "Karibu," Masikio alifunika uso kwa viganja. Nyaya akajifanya anatafuta bisibisi.

Ikawa afueni. Stoo ilinuka siki ya filamu zinazooza na karatasi zilizozeeka, na joto lake lilikuwa la tanuri, lakini majibu yakaanza kutoka tena kwa wakati. Jioni Nyaya alisoma, "Bibi fulani, bega la kushoto," naye akajibu, "Ndiyo." Hakuna lililopotea. Hakuna aliyerithi mwili wa mwenzake. Daktari alijua na akanyamaza. Wauguzi walijua, wakawa wanamletea maji ya kunywa humo stoo na kutoka wakitazama kulia na kushoto kama walioiba.

Lakini lisemwalo lipo, na waya ulioingia ukutani hauna siri. Wenye programu walikuja kukagua usalama wa mtandao, wakakuta kifaa wasichokijua kimeunganishwa na kumbukumbu za wagonjwa. Wakafuata waya. Masikio alikuwa katikati ya sentensi mlango ulipofunguliwa, na kwa idadi ya viatu alijua kwamba si wauguzi.

"Hii ni nini?" aliuliza mtu.

"Ni kompyuta yangu ya kazi," alisema Masikio.

"Nani kaiweka?"

Kabla hajapata la kudanganya, Nyaya akajibu kutoka nyuma yao, "Mimi."

Mashine ikafutwa palepale. Masikio aliambiwa baadaye kwamba ndiyo taratibu. Yeye alisikia tu Binamu akikatwa katikati ya neno, kisha feni ikipunguza mwendo, ikasimama.

Nyaya alifukuzwa. Barua ilisema ameingiza kifaa kisichoidhinishwa kwenye siri za wagonjwa, na ukiisoma hivyo tu, bila kujua mengine, ilikuwa kweli tupu. Masikio akapanda mwenyewe hadi ofisi ya Katibu, akipapasa ukuta, kwa kuwa hakutaka kushikwa mkono.

"Aliyetumia ni mimi. Nifukuzeni mimi."

"Mzee wangu, keti."

"Nitasimama."

"Wewe huna kosa hata moja," alisema Katibu, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, ndiyo iliyoumiza zaidi. "Mshahara wako hautaguswa. Hospitali hii inawathamini watu wa hali yako."

"Na kazi?"

"Madaktari wataandika wenyewe sasa. Ndivyo mfumo unavyotaka. Wewe tutakuweka mapokezi. Utakuwa unawakaribisha watu. Wagonjwa wanapenda kukaribishwa."

"Mheshimiwa, vile vitufe vingeandikwa majina..."

"Mzee." Katibu aliweka kalamu chini. "Yule dereva alizikwa juzi. Mkewe alikuja hapa. Alikaa hapo hapo ulipo. Unataka nimwambie nini, kwamba nimekuacha uendelee?"

Masikio hakujua dereva amekufa. Akageuka, akautafuta ukuta.

Jumapili yeye na mkewe walikwenda kwa Nyaya. Alikuwa anaishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya gereji, na walipoingia walisikia utepe wa gundi ukivutwa juu ya maboksi. Alikuwa anahamia mji mwingine, kwa kaka yake, kumsaidia dukani. Kwenye hospitali hakuna ambaye angemchukua tena, si baada ya barua ile.

"Duka la nini?" aliuliza mke wa Masikio, ili paongelewe kitu.

"Mabati na misumari."

"Misumari nayo ni kazi."

"Ni kazi, shemeji."

Masikio alikuwa ameandaa maneno njiani kote. Alipofungua kinywa yalitoka machache tu. "Dada, mimi sikustahili."

"Achana na hayo, kaka. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyovuta ule waya." Akakaa juu ya boksi, likalalamika chini yake. "Kinachoniuma ni kwamba walikuwa na mchana mmoja tu wa kazi. Mtu mmoja, mchana mmoja. Hata mimi ningewafanyia bure, wangenifungulia tu."

Mama yake, aliyekuwa kimya pembeni akikunja mashuka, akasema bila kuinua sauti:

"Wanasema tenda wema nenda zako. Basi mwanangu ndiyo huyo anakwenda zake."

"Mama!" alisema Nyaya.

"Nimesema uongo?"

Chai ililetwa, ikapoa. Walipoaga, Nyaya alimshika Masikio mkono kwa muda mrefu, akasema atamtafutia njia, atamwandikia, teknolojia haisimami. Aliyasema kwa haraka, kama mtu anayefunga boksi lisilofungika. Njiani mke wa Masikio alijaribu kusema kwamba Mungu ni mwema, mshahara upo, wangapi wanaomba hilo tu wasilipate. Masikio alisema ni kweli. Baadaye mkewe akasema labda wangemtafuta mtu wa kumwekea mfumo wake hapo nyumbani, kwenye ile kompyuta ndogo ya binti yao.

"Niandike nini humo?"

"Chochote, baba."

"Chochote si kazi, mama."

Wakaendelea kutembea.

Akaanza kukaa mapokezi. Walimpa kiti kizuri chenye mikono, karibu na mlango, na beji shatini ambayo mkewe alimwambia imeandikwa "Karibu." Wiki za mwanzo aliwasalimia watu, nao walishtuka, wengine wakamwekea sarafu mkononi wakidhani ni ombaomba. Akawa anazirudisha. Kisha akaacha kusalimia. Waliokuwa wakimletea maji kule stoo walipita sasa kwa hatua nyepesi, wakishusha sauti, kama watu wanaompita mgonjwa aliyelala. Alizitambua hatua za kila mmoja. Hakumwita yeyote.

Dirisha la daktari wa picha lilikuwa juu ya mlango ule, na siku za joto liliachwa wazi. Masikio alimsikia akichapa mwenyewe. Alichapa kwa vidole viwili: herufi, kimya, herufi, herufi, kimya kirefu, kisha kufuta, kufuta, kufuta. Mara nyingine aliisikia ile pumzi ndefu, na vidole vya Masikio vikasogea juu ya paja, vikaandika sentensi nzima kwenye kitambaa cha suruali, kutoka jina hadi nukta, kabla daktari hajafika neno la pili. Akavikunja. Akavikalia.

Foleni ya picha siku hizi ilitoka chumbani, ikapita korido, ikafika mpaka kwenye kiti chake. Watu walisimama wakimpumulia karibu, wakibadilisha mguu, wakiketisha watoto sakafuni. Mwanamke mmoja mwenye kikohozi kikavu alimwinamia.

"Mzee, samahani. Wewe si ni wa hapa? Huko ndani kuna nini, mbona watu hawaendi?"

Juu, herufi moja ikagongwa. Kisha kimya.

"Sijui, mama," alisema Masikio. "Mimi nakaa hapa tu."